Barabara Ndefu za Tanzania na Mandhari Zake

Safari ndefu ya barabarani ndani ya Tanzania ni safari ya kupanda na kushuka. Nchi ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 940,000, na sehemu kubwa ya bara ni uwanda wa juu ulio kati ya mita 1,000 na 1,500 kutoka usawa wa bahari. Pwani ni ukanda mwembamba na wa chini. Kwa hiyo barabara yoyote itokayo Dar es Salaam, Tanga au Mtwara kwenda bara lazima ipande mahali fulani, na ikishapanda hukutana na kuta za Bonde la Ufa, ambazo huilazimisha kushuka na kupanda tena. Mandhari yanayosifiwa na wasafiri karibu yote yako kwenye ngazi hizo: Kitonga, Nyang'oro, Sekenke, Soni, miteremko ya Tukuyu na ya Mbamba Bay. Kati ya ngazi moja na nyingine kuna tambarare inayoweza kula nusu siku. Njia moja hutofautiana na nyingine hasa kwa mahali inapopandia.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba barabara hizi hazikujengwa kwa ajili ya watazamaji. Zilijengwa kupitisha shaba, pamba, korosho, mahindi na mafuta. Uzuri wake ni matokeo ambayo mhandisi hakuyapanga, na anayesafiri ili aone nchi hutumia njia ileile na malori, kwa saa zilezile, na mara nyingi kwa mwendo wa lori lililo mbele yake.

Njia zilivyopatikana

Katika karne ya 19 njia kuu ya bara ilikuwa ya misafara ya miguu, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji. Wajerumani walipojenga reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, walifuata kwa kiasi kikubwa mkondo huohuo. Hiyo ni sababu mojawapo ya barabara za magharibi kuchelewa: palipokuwa na reli, lami haikuonekana kuwa ya haraka. Waingereza kwa upande wao walitilia mkazo njia ya kaskazini hadi kusini, iliyopita Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya na kuwa sehemu ya barabara iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo.

Mabadiliko makubwa yalitokana na siasa za jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikageukia bandari ya Dar es Salaam. Malori yalianza kupita kwenye barabara ya udongo na changarawe ambayo haikuwa imejengwa kubeba mzigo huo. Katika muda wa miaka kumi hivi ushoroba mzima ulibadilika: bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ikapata lami, na reli ya TAZARA ikajengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 hadi 1975. Mikoa mingi mingine ilisubiri. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulianzishwa mwaka 2000, na ni katika miongo miwili iliyofuata ndipo makao makuu ya mikoa yalipoanza kuunganishwa kwa lami moja baada ya jingine. Dereva wa makamo anakumbuka vizuri enzi ambazo safari ya Mtwara au Sumbawanga wakati wa mvua ilihesabiwa kwa siku.

Nyanda za Juu Kusini

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, ndiyo yenye mabadiliko mengi zaidi ya mandhari. Saa tatu za mwanzo ni za pwani: mikorosho, miembe, mashamba ya mkonge, na foleni ya malori kwenye mizani ya Vigwaza. Baada ya Chalinze milima ya Uluguru hujitokeza upande wa kushoto, ikiwa na vilele vya zaidi ya mita 2,600, na mji wa Morogoro umekaa chini yake. Mbele kidogo barabara inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Uwanda wa Mkata uko kulia, na katika kiangazi, nyasi zikiwa fupi, twiga, tembo, nyati na pundamilia huonekana dirishani bila kulipa kiingilio. Matuta yamewekwa kupunguza mwendo, na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama.

Baada ya mji wa Mikumi barabara huingia kwenye korongo la Mto Ruaha Mkuu, milima ya Udzungwa ikiwa kusini. Mvua hapa ni haba na joto ni kali. Mibuyu imefunika mabonde na vilima kwa kilomita nyingi, na wakati wa kiangazi husimama bila jani hata moja. Ruaha Mbuyuni, penye kilimo cha umwagiliaji, panauzwa vitunguu. Basi likisimama, wauzaji huinua vifuko hadi usawa wa dirisha na bei hupatanwa huku gurudumu likianza kuzunguka.

Kisha ni Kitonga. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima: upande mmoja ukuta wa jiwe, upande wa pili bonde. Semitrela linalopanda na mzigo wa Zambia au Kongo hutumia gia nzito na huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Utingo huweza kushuka na kutembea kando yake akiwa na gogo la kukinga gurudumu iwapo gari litarudi nyuma. Wanaoshuka hunusa breki zilizopata moto kabla hawajaona gari lenyewe. Lori moja likikwama kwenye kona, pande zote mbili husimama, na foleni inaweza kuchukua saa kadhaa. Hapohapo ndipo penye mtazamo mpana kuliko wote wa njia hii: bonde la mibuyu lote liko chini, na barabara iliyopitwa nusu saa iliyopita huonekana kama uzi. Wachache hupata nafasi ya kulitazama, kwa sababu hakuna mahali salama pa kuegesha gari.

Juu ya Kitonga hewa hubadilika. Ilula ni nchi ya nyanya, na matenga yake hupangwa kando ya lami yakisubiri malori ya Dar es Salaam. Jirani ni Lugalo, ambako jeshi la Mkwawa lilikiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Mji wa Iringa uko juu ya genge, na barabara kuu hupita chini yake, Ipogolo. Abiria aendaye Mbeya anaweza kupita asijue kwamba mji wenyewe uko juu ya kichwa chake. Kilomita chache mbele kuna Isimila, korongo lenye nguzo za mchanga mgumu zilizochongwa na mmomonyoko, ambako zana za mawe za kale zimepatikana kwa wingi.

Kutoka Mafinga hadi Makambako misonobari na mikaratusi ya Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, hufanya njia ifanane na nchi ya baridi, na mwezi wa Juni na Julai ni ya baridi kweli. Baada ya Makambako barabara hushuka taratibu kwenye ukingo wa uwanda wa Usangu. Kulia ni majaruba ya mpunga hadi upeo wa macho, kushoto ni ukuta wa milima ya Kipengere. Chimala ndipo inapoanzia njia ya kupanda Matamba na Kitulo inayoitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Juu yake iko Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ambayo huchanua wakati wa mvua.

Uyole, kabla ya kuingia Mbeya mjini, njia hugawanyika. Inayokwenda Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi ni fupi, lakini ndani ya kilomita 100 hivi hupita chini ya Mlima Rungwe, kwenye chai na migomba ya Tukuyu, kisha hushuka hadi kakao na mpunga wa Kyela, karibu na Ziwa Nyasa lililo kwenye mwinuko usiofika mita 500 kutoka usawa wa bahari. Ni vigumu kupata kipande kingine cha lami nchini chenye mteremko na mabadiliko ya mazao kiasi hicho kwa umbali huo mdogo.

Njia ya kaskazini

Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, na tabia ya njia hii ni tofauti. Barabara haipandi milima. Hupita chini yake. Kuanzia Korogwe milima ya Usambara husimama kulia, ikifuatiwa na ya Pare hadi karibu na Mwanga, na kushoto ni mbuga kavu na mashamba ya mkonge. Kwa hiyo anayekwenda Moshi na kutaka kuona milima huchagua kiti cha kulia. Mchana jua linapohamia magharibi, mwanga hupiga nyuso za milima hiyo moja kwa moja. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, haitegemewi: mawingu huifunika kwa sehemu kubwa ya mchana, na huonekana zaidi alfajiri na kuelekea jioni.

Kupanda kwa njia hii kuko pembeni. Mombo ni njia panda ya Lushoto, ambako kilomita 33 za lami nyembamba hupita kwenye korongo na maporomoko ya Soni, na kumtoa msafiri kwenye joto la tambarare hadi kwenye bustani za kabichi, viazi na matunda.

Kutoka Arusha hadi Mbeya

Njia ya kaskazini hadi kusini kupitia Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa ilikuwa ya vumbi kwa miongo mingi. Kipande cha Dodoma hadi Babati kilizinduliwa rasmi kikiwa na lami mwaka 2018, na kile cha Dodoma hadi Iringa kilikuwa tayari kimekamilika. Matokeo yake ni kwamba msafiri anaweza kuvuka nchi bila kurudi Dar es Salaam, na ndiyo njia inayofuata Bonde la Ufa kwa karibu zaidi. Kusini mwa Arusha huonekana nchi ya Wamasai na ukuta wa Manyara, kisha Babati na ziwa lake, na Mlima Hanang wenye mita 3,417 ukiwa magharibi. Baada ya Bereku, katika vilima vya Kondoa, ardhi nyekundu imechimbwa na makorongo. Uharibifu huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoathirika zaidi. Vichaka vinavyofunika makorongo leo ni matokeo ya uamuzi huo. Kolo, iliyo kando ya barabara hiyohiyo, ndiyo mlango wa michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kusini mwa Dodoma barabara hushuka hadi bwawa la Mtera, kwenye joto, mibuyu na wauza samaki, kisha hupanda Mlima Nyang'oro kwa kona za kufululiza hadi uwanda wa Iringa. Ni mwinuko wa aina ya Kitonga, lakini wenye malori machache zaidi.

Katikati, Ziwa Victoria na magharibi

Njia ya kwenda Mwanza, yenye zaidi ya kilomita 1,100, ndiyo inayohitaji subira. Baada ya Morogoro huja Gairo na Kibaigwa, soko kubwa la mahindi, kisha nchi kavu ya Dodoma na zabibu zake. Singida ina majabali makubwa, maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai pembezoni mwa mji, na chupa za mafuta ya alizeti zilizopangwa kandokando ya lami. Ngazi ya njia hii ni Sekenke, ambako uwanda wa Iramba unakatika ghafla na tambarare ya Wembere kufunguka chini. Kutoka hapo hadi Nzega na Shinyanga ni nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, ya ng'ombe, pamba na upeo mrefu, hadi mawe ya Mwanza yanapoanza kuonekana. Anayeendelea Geita alikuwa akivuka ghuba kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 huvuka kwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu hivi.

Magharibi ni nchi ya miombo. Kati ya Tabora, Mpanda na Kigoma msitu huweza kumfuata msafiri kwa saa nyingi, na bidhaa ya kando ya barabara ni asali. Wanaoona unachosha huwa wamepita wakati wa kiangazi kirefu. Kabla tu ya mvua miombo huchipua majani ya rangi ya shaba na nyekundu, na msitu mzima hubadilika kwa wiki chache. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga barabara hupita kwenye uwanda wa Ufipa, ulio wazi na wenye baridi, kisha hushuka na kukata Hifadhi ya Katavi kabla ya Mpanda. Sitalike, penye mto wa Katuma, viboko hulundikana kwenye madimbwi kadiri maji yanavyopungua.

Kusini

Barabara ya Mtwara, zaidi ya kilomita 550, ni ya chini karibu mwanzo hadi mwisho. Kilichoibadilisha ni daraja moja: Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003 likiwa na urefu wa karibu kilomita moja, ambalo lilimaliza utawala wa pantoni. Nangurukuru ni njia panda ya Kilwa Masoko, na kutoka hapo mashua huvuka hadi magofu ya Kilwa Kisiwani. Udhaifu wa njia hii ni maji. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga na kuitenga mikoa ya kusini kwa siku kadhaa.

Mandhari makubwa ya kusini yako kwenye njia ya kuelekea magharibi, Mtwara hadi Mbamba Bay, zaidi ya kilomita 800. Masasi ina milima ya mawe iliyosimama peke yake kwenye tambarare, Tunduru ni misitu mirefu, na baada ya Songea barabara hupanda kwenye nchi ya Wamatengo, ambao hulima miteremko mikali kwa ngoro, yaani mashimo yanayopangwa kwa mistari kuzuia udongo usisombwe. Kipande cha mwisho, kutoka Mbinga, hushuka hadi Ziwa Nyasa huku maji yakionekana mbali kabla ya kufikiwa.

Majira na mwanga

Kinachoamua mtu ataona nini ni saa na mwezi. Mchana wa Tanzania una takriban saa 12 mwaka mzima. Mwendo wa mabasi na magari makubwa una kikomo cha kilomita 80 kwa saa nje ya makazi na 50 ndani ya makazi, na baada ya kuhesabu vijiji, matuta, mizani na milima wastani halisi huwa kama 60. Kilomita 800 kwa wastani huo ni saa 13 na zaidi. Kwa maneno mengine, Dar es Salaam hadi Mbeya haionekani yote ndani ya siku moja. Abiria wa basi la alfajiri huona Mikumi na Kitonga, lakini Usangu hupita gizani. Anayetoka Mbeya huona Usangu na kuipoteza pwani. Msafiri wa magharibi hufaidika kidogo, kwa kuwa jua huzama Kigoma takriban dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam.

Kwa majira, Juni hadi Septemba ni kavu na barabara ni salama zaidi, lakini vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa hupunguza umbali wa kuona. Machi na Aprili nchi ni ya kijani na hewa ni safi baada ya mvua, na ndipo pia ukungu unapokaa milimani na makalavati yanaposombwa. Mei hadi Juni mwanzoni, mvua zikiwa zimekatika na majani hayajakauka, ni wakati unaounganisha faida za pande zote mbili kwenye njia nyingi za bara.

Hatari na vituo

Mahali penye mandhari ndipo penye ajali, na chanzo ni kimoja. Mteremko mrefu huchosha breki, kona huficha lori lililoharibika, na dereva aliyekaa nyuma ya semitrela kwa nusu saa huanza kujaribu kupita mahali pasipofaa. Alama inayoheshimiwa kuliko zote ni ya kienyeji: matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani kwa umbali wa hatua kadhaa, yakieleza kwamba mbele kuna gari limesimama. Dereva mzoefu huondoa mguu kwenye mafuta mara tu aonapo jani la kwanza.

Upungufu mwingine ni wa vituo. Kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, ukingoni mwa Bonde la Ufa, kuna sehemu za kusimama ambako wasafiri hutazama bonde na wafanyabiashara huuza vinyago na ngozi. Kwenye miinuko mingi ya Tanzania hakuna kitu cha namna hiyo. Basi husimama kwa chakula mahali palipochaguliwa na mmiliki, kwa dakika chache, na mara nyingi nafasi pekee ya abiria kusimama chini na kutazama nchi ni pale kondakta anapotangaza kuchimba dawa. Eneo dogo la kuegesha juu ya Kitonga au Sekenke, likiwa na ukingo, vyoo na mabanda ya wauzaji, lingewapa wenyeji kipato na kupunguza magari yanayosimama konani.

Usiku na reli

Mambo mawili yamebadilisha hesabu ya safari hizi hivi karibuni. Mwaka 2023 serikali iliondoa katazo la mabasi ya abiria kusafiri usiku, lililokuwepo tangu miaka ya 1990. Wafanyabiashara na wanafunzi wameokoa siku nzima ya kazi, ila sehemu kubwa ya nchi sasa hupitwa abiria wakiwa wamelala. Mwaka 2024 treni ya umeme kwenye reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na kuichukulia barabara wasafiri wengi wa kipande ambacho kwa mandhari kilikuwa na machache zaidi. Barabara imebaki na miinuko, mikoa ya pembeni na malori.

Kwa sababu hiyo usafiri wa kuona nchi umekuwa jambo la kupangwa, tofauti na zamani ulipokuwa sehemu ya safari yoyote ya mchana. Kanuni yake ni kuhesabu saa za mwanga na kulala kabla ya ngazi kubwa au mara baada yake: Dar es Salaam hadi Mbeya kwa kulala Iringa, Dar es Salaam hadi Mwanza kwa kulala Singida, Arusha hadi Mbeya kwa kulala Dodoma, na Mtwara hadi Mbamba Bay kwa kulala Songea. Kwa mgawanyo huo miinuko yote mikubwa ya njia hizo hupitwa mchana, na dereva huikabili akiwa hajachoka.